Njiwa wa Mti na Mtamba wa Nyamuna

Hapo zamani, kabla serikali haijaanza kuuliza nani ana bunduki na nani hana, palikuwa na kijiji kikiitwa Kinyamhungo, kule kwenye nyanda za juu ambako upepo haupigi hodi. Sisemi ule upepo wa kukausha nguo. Nasema upepo wa kumvua mtu kofia, ukaipeleka kwa jirani, jirani akaivaa, nanyi mkagombana mpaka mvua ya kwanza. Leo nawaletea kesi kutoka huko. Kesi hii mimi imenishinda. Nimeisimulia kwenye misiba, nimeisimulia kwenye ngoma, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Kwa hiyo kaeni vizuri, na aliyekaa ubavuni mwa mtani wake asogee kidogo.

Katika kijiji hicho palikuwa na mjane, jina lake Nyamuna. Mumewe alipokufa alimwachia vitu vitatu: shamba la uwele, ng'ombe mmoja, na shemeji. Shamba lilikuwa zuri. Ng'ombe alikuwa mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, mpole, akimfuata mtu bila kuvutwa. Shemeji alikuwa Msengi.

Huyo Msengi, Mungu amrehemu, maana kazi hiyo mimi siiwezi. Alikuwa na shamba lake ng'ambo ya korongo, upande wa magharibi, kubwa mara tatu ya lile la Nyamuna. Lakini unamjua mtu aliyeshiba anavyotazama sahani ya mwenzake. Mila ya ukoo wao ilisema hivi: mjane akikosa mavuno misimu mitatu mfululizo, shamba linarudi kwa ukoo, naye anahamia kwa shemeji yake kuchota maji na kupika. Msimu wa kwanza mvua ilikatika njiani. Msimu wa pili njiwa walikula. Sasa ulikuwa msimu wa tatu, uwele umekomaa, masuke yamejaa, na njiwa wamerudi.

Mnawajua njiwa pori nyie? Msiniambie wale wawili wa kwenye paa la shule. Hawa walikuja kwa mamia. Wakitua, masuke yanainama. Wakiruka, mabua yanabaki yamesimama matupu. Nyamuna alipiga debe, akarusha madongo, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akiwafukuza huku, wanatua kule. Akiwafukuza kule, wanatua huku. Saa sita mchana alikuwa amekaa chini katikati ya shamba, debe mapajani, analia.

Msengi akaja, akasimama mpakani, mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, "usijisumbue. Nimeshamwambia mke wangu akutengee mafiga mawili jikoni."

Mafiga mawili, jamani. Sasa hapo chungu kinakaa wapi?

Nyamuna alifuta uso kwa khanga, akaenda moja kwa moja uwanjani ambako watu wa kijiji walikuwa wamekaa, akasimama mbele yao. "Mtu atakayeniokolea shamba langu mpaka nivune," akasema, "nitampa mtamba wangu. Sina kingine."

Msengi alikuwa amemfuata nyuma. "Mtu mmoja," akadakia. "Sema mtu mmoja, shemeji. Mtamba si mkate wa kumegeana, leo huyu akamue, kesho yule akamue. Siku utakayomaliza kuvuna, utamtaja mtu huyo mbele yetu sote kabla jua halijazama. Ukishindwa kumtaja, maana yake hakuna aliyekuokoa, na mtamba ni wa ukoo."

Na ukoo ni nani? Ukoo ni Msengi. Aliijua Kinyamhungo vizuri. Alijua kwamba pale watu wawili hawawezi kuua panya mmoja bila kushtakiana. Nyamuna naye alijua, lakini alikuwa na njia gani? Akasema, "Mtu mmoja, nimekubali." Watu wakasema wamesikia.

Basi, wa kwanza kunyanyuka alikuwa Hango.

Hango alikuwa na gobore, na lilikuwa gobore pekee kijijini. Lilikuwa refu kumzidi mwenyewe. Alilipa jina, akaliita Shangazi, kwa sababu likisema, wote mnanyamaza. Alikuwa pia na kibuyu cha baruti, akiba yake ya mwaka mzima, ambayo kwa kawaida alimpigia nguruwe mwitu na akala nyama mpaka kiangazi kingine. Akaingia shambani, kifua mbele.

Akashindilia, akalenga, akafyatua. Njiwa wote wakaruka, wakahamia kona ya pili. Hango akawafuata. Akashindilia, akalenga, akafyatua. Njiwa wakahamia kona ya tatu. Alizunguka shamba lile kutwa nzima, na jioni akarudi na njiwa wawili. Mmoja, watu wanasema, alikuwa amekufa kwa uzee.

"Hawatulii," akalalamika. "Mimi napiga ndege aliyetulia. Shangazi hapendi kukimbizana."

Hapo akatokea wa pili, Sinda. Sinda alikuwa mchongaji wa mizinga ya nyuki na viti. Mizinga yake ilikuwa sawa. Viti vyake, mshenga mmoja alikalia kimoja akaanguka mbele ya wakwe, na posa ikavunjika palepale. Miguu ya viti vyake haikukazwa, ilicheza. Lakini ukimpa Sinda kipande cha mti umwambie achonge kitu chenye uhai, kuku, mbuzi, mama mkwe, ungedhani kitakusalimia. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, na maziwa ya mama hayakutosha wawili. Wale watoto walilia kwa zamu. Sinda aliposikia habari ya mtamba, alichonga siku mbili bila kula.

Akaleta njiwa kumi na wawili wa mti. Amewapaka majivu, amewapaka masizi, amewachora ule utepe mweusi wa shingoni. Chini ya kila njiwa amechomeka kijiti chembamba kinachopinda, ili upepo ukivuma, njiwa ainame na kuinuka, ainame na kuinuka, kama anadonoa.

"Kaka Hango," akasema, "njiwa haogopi mahali anapoona wenzake wanakula. Kaa kwenye maficho. Hawa watakuitia."

Wakajenga maficho ya mabua ukingoni mwa shamba, upande wa magharibi, karibu na korongo. Hango akaingia ndani na Shangazi wake. Sinda akawapanga njiwa wa mti mbele yake, hatua ishirini. Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wa Kinyamhungo walipojionyesha.

Kwao, kumpa mtu mzima mgongo ni tusi. Mgeni akiingia, anakaa akimwelekea mwenyeji. Ukikaa ukamwonyesha kisogo, unatozwa mbuzi. Sinda alikuwa mtoto wa watu, amelelewa, na Hango alimzidi umri. Basi aliwapanga njiwa wote kumi na wawili wakimtazama Hango. Hango akachungulia kwenye tundu, akaona safu ya njiwa wanamwinamia na kuinuka, wanamwinamia na kuinuka, akafurahi sana.

"Wana adabu hawa," akasema.

Upepo ulikuwa unatoka mashariki. Njiwa pori wakaja kutoka ng'ambo ya korongo, wakatazama, wakapita. Kundi la pili likaja, likatazama, likapita. La tatu vilevile. Wakaenda kutua katikati ya uwele, wakala mpaka wakachoka.

"Ndege wako wabaya," Hango akasema.

"Ndege wangu wazuri," Sinda akasema. "Ni wewe unayenuka pombe."

"Njiwa hana pua."

"Kwa pombe ile, hata jiwe lina pua."

Wakaanza kukunjana mashati. Na hapohapo kwenye njia ya shambani anapita bibi mmoja mwembamba, ungo kichwani, anakwenda zake. Huyo ni Bibi Mpahi. Kazi ya Bibi Mpahi tangu usichana ilikuwa kupepeta nafaka za watu. Anakupepetea magunia kumi, unampa kibaba kimoja. Maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu chenye miguu minne isipokuwa kitanda. Lakini mpepetaji anaishi kwa upepo. Akikosea pa kusimama, makapi yote yanamwingia machoni, na yeye macho yake yalikuwa mazima.

Akasimama, akawatazama njiwa wa mti, akaanza kucheka mpaka ungo ukamtikisika kichwani.

"Wajukuu zangu," akasema, "nani amewapanga hawa?"

"Mimi, bibi," Sinda akajibu.

"Njoo hapa. Simama uupe upepo mgongo. Nini kinatokea kwa shati lako?"

"Linanifunika kichwa."

"Na njiwa akiupa upepo mkia, manyoya yake yanafanya nini? Yanafumuka yote, anabaki uchi. Hakuna njiwa mwenye akili anayekula hivyo. Wenzao wakipita juu wakiwaona hawa kumi na wawili wamekaa mkia kwa upepo, wanasema, hawa ni wagonjwa, au wamerogwa."

Akachukua makapi kidogo kwenye kona ya ungo, akayarusha juu, akayatazama yanavyokwenda. Kisha akaingia shambani, akawageuza njiwa mmoja mmoja, wote kumi na wawili, uso kwa upepo, mkia kwa Hango. Akaacha nafasi tupu katikati yao, upana wa nyungo kumi. "Njiwa akija anatua dhidi ya upepo," akasema, "na anatafuta pa kukaa bila kukanyaga wenzake. Mwachieni kiti."

"Bibi," Hango akasema kutoka mafichoni, sauti imeumia, "yaani mimi nipewe matako na njiwa wa mti?"

"Unataka adabu au unataka nyama?" Bibi Mpahi akauliza. Akajitwika ungo wake, akaondoka. Hakusema neno lolote kuhusu mtamba. Hilo mliweke akilini, maana baadaye litaleta kelele.

Njiwa pori wakaja. Wakatazama. Hawakupita. Wakashuka chini kabisa, kwa kuwa kwenye upepo mkali njiwa haruki juu, anaambaa na ardhi. Wakapita juu ya maficho, wakaukabili upepo, wakafungua mabawa, wakaning'inia pale mbele ya Hango wakitafuta nafasi. Hango akashindilia, akalenga, akafyatua. Njiwa kumi na mmoja kwa mlio mmoja.

Sinda alirukaruka. Nyamuna alikuja mbio kutoka upande wa pili na debe lake, akaona, akakaa chini tena. Safari hii hakulia.

Siku nne walifanya hivyo. Kijiji kizima kikala njiwa. Njiwa wa kuchoma, njiwa wa mchuzi, njiwa wa karanga. Watoto walifika mahali wakasema, mama, leo tusipike nyama. Ila palikuwa na mambo mawili, na mimi sifichi. La kwanza, wale njiwa wa mti waliita kweli. Makundi ambayo zamani yalipita mbali yakienda zake, sasa yaliwaona wenzao wanakula, yakakata kona kuja. Waliouawa walikuwa wengi, na waliokuja walikuwa wengi zaidi. La pili, upepo uleule ulioleta njiwa ulikula baruti. Kila Hango alipofungua kibuyu, upepo ulichukua fungu lake. Alikinga kwa kofia, ukachukua na kofia. Siku ya tano asubuhi kibuyu kilibaki na baruti ya mlio mmoja tu.

Siku hiyo ndiyo niliyoitaka.

Ulivuma upepo ambao hata watu wa Kinyamhungo waliulalamikia. Vumbi lilitembea barabarani kama mtu mwenye shughuli zake. Uwele ulikuwa tayari kuvunwa, unahitaji siku tatu za mikono ya watu, na nusu ya masuke bado ilikuwa salama. Nyamuna alipita nyumba kwa nyumba akiomba wavunaji. Walisema watakuja, lakini kwanza hao njiwa wapungue, nani anataka kuvuna kinyesi?

Msengi akasikia kwamba baruti imebaki mlio mmoja. Akafurahi, akataka kushuhudia. Na furaha ya Msengi haikuwa ya kukaa peke yake. Aliwaita wake zake, wanawe, na wale watu wanane waliokuwa wanalinda shamba lake dhidi ya ndege kwa makombeo, akawaambia, "Njooni mwone mtu anavyohama." Wakaja wote, wakajipanga mpakani. Kule ng'ambo ya korongo, shamba lake likabaki halina hata mtu wa kukohoa.

Kundi likatokea. Sikuwapo, lakini walioliona wanasema lilikuwa la njiwa wote wa nchi ile. Waliambaa na korongo, wakaukabili upepo, wakaja juu ya maficho kwa maelfu. Nyamuna alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni. Kama wale wangetua, asingebaki na suke la mbegu.

Mafichoni, Hango anachungulia. Vumbi limemjaa macho. Anajua njiwa wote wa mti wamempa mgongo, amewazoea sasa, siku nne anatazama mikia tu. Na ghafla, katikati ya ile mikia, anaona njiwa mmoja anamtazama yeye. Uso kwa uso. Anainama, anainuka, anainama, anainuka, jicho kwa jicho.

Ninyi mmeshaelewa. Kijiti cha Sinda kilicheza, kama miguu ya viti vyake inavyocheza. Upepo ulimgeuza njiwa wa mti akamwelekea Hango. Lakini Hango akawaza hivi: wa mti wote wametazama kule, huyu ametazama huku, basi huyu ni mzima, na ni kiongozi wao, na amenidharau. Akashindilia, akalenga, akafyatua.

Njiwa wa mti akapasuka vipande. Bawa moja lilimpata Msengi kwenye goti. Kwenye kundi lile la maelfu, hakufa hata njiwa mmoja.

Sinda akasema polepole, "Kaka Hango, umemuua wa kwangu."

Lakini tazameni juu. Njiwa walikuwa bado hawajatua, wote wako hewani, mabawa wazi, na Shangazi amewalipukia tumboni. Wakageuka wote kwa pamoja. Njiwa akigeuka kwenye upepo ule, hachagui tena pa kwenda. Upepo uliwabeba nyuma, ukawapitisha juu ya kofia ya Msengi, juu ya wake zake, juu ya walinzi wake wanane, ukawavusha korongo. Huko wakakuta shamba la uwele uliokomaa, mara tatu ya lile, na hakuna mtu.

Msengi alikimbia. Walinzi wake walikimbia. Walipofika njiwa walikuwa wameshakaa. Walirusha mawe siku tatu, na kwa siku tatu njiwa walihama kona kwa kona, huku, kule, huku, kule, bila kuvuka korongo kurudi kwenye mlio. Na kwa siku hizo tatu, kijiji kizima kilivuna shamba la Nyamuna, maana sasa palikuwa safi. Kihenge kikajaa. Shamba likabaki lake. Alasiri ya siku ya tatu suke la mwisho likakatwa.

Basi watu wakakusanyika uwanjani. Nyamuna amesimama katikati, kamba ya mtamba mkononi. Jua lilikuwa limeshuka.

Hango akasema wa kwanza. "Baruti yangu ya mwaka mzima iko kwenye shamba lako, Mama. Msimu huu sitapiga nguruwe, nitakula mboga kama mbuzi. Aliyewaua ni mimi. Na aliyewafukuza mara ya mwisho ni mimi."

"Ulimpiga mti," Sinda akasema.

"Nilimpiga mti, na shamba likapona. Ningepiga njiwa, ningeua kumi na watano, wengine wangezunguka na kurudi, na mimi mikono mitupu. Kukosea kwangu ndiko kulikookoa. Je, kuna mwingine aliyekosea vizuri hivyo?"

Sinda akasema, "Kabla yangu ulikuwa unaua njiwa wawili kwa siku, na mmoja alikuwa mzee. Mimi ndiye niliyewaleta mbele ya bunduki. Na ule mlio wa mwisho nani aliuita? Njiwa wangu. Aligeuka, akamtazama mtu, mtu akadanganyika. Ningechonga vibaya, Hango angejua ni mti. Nina watoto wawili nyumbani wanaolia kwa njaa, mnawasikia wote."

"Uliwaleta mbele ya bunduki," Hango akajibu, "na ukawaleta mbele ya shamba. Wale maelfu walifuata nini kama si vijiti vyako? Umemwita mwizi kisha unadai zawadi kwa kuwa amekamatwa. Na yule hakugeuka kwa ustadi wako. Aligeuka kwa sababu hujui kukaza kijiti."

Watu wakacheka. Sinda aliinamisha kichwa, na mwenye moyo alimwonea huruma.

Bibi Mpahi alikuwa amekaa kwenye ungo wake. Akasema bila kunyanyuka, "Hawa wawili walikaa siku nzima wakisalimiana na ndege wa mti. Ningepita njia nyingine, wangekuwa bado wanasalimiana. Niliwageuza njiwa, ndipo wakawa njiwa. Na kugeuka kwa yule mmoja kungemwambia nini Hango, kama mimi sikuwageuza wote wengine?"

"Bibi," mtu mmoja akasema, "ile kazi ilikuchukua muda wa kumenya muhogo. Wenzako wametoa baruti, wametoa usingizi. Tena wewe hukushindania mtamba, ulikuwa unapita tu."

"Kumenya muhogo, ndiyo," akasema. "Kujua pa kuwageuzia kumenichukua miaka sitini. Na kama mtu haombi, ndiyo asipewe? Nimepepeta nafaka zenu tangu mama zenu hawajaolewa, sikuwahi kuomba, na mmeona nilichopewa."

Hapo watu wakatazama chini, kwa aibu.

Nyamuna akafungua mdomo ataje jina. Ndipo Msengi akasogea mbele, goti limefungwa kitambaa, uso umekonda kwa siku tatu za kurusha mawe.

"Na mimi ninadai," akasema.

Kelele zilizotokea hapo siwezi kuwaigia. Msengi akangoja zikaisha. "Chekeni, kisha mnijibu. Njiwa wale walikuwa na njaa. Mlio wa bunduki haushibishi njiwa. Wangezunguka wapi, wangerudi wapi, kama hawakupata pa kula? Walikula kwangu. Siku tatu walikula kwangu, na kwa siku hizo tatu shemeji alivuna. Hango ametoa kibuyu cha baruti. Sinda ametoa vipande vya mti. Bibi ametoa mikono miwili. Mimi nimetoa shamba zima. Nani ametoa zaidi yangu?"

"Hukutoa," Nyamuna akasema. "Ulikuja kunicheka."

"Nilikuja kukucheka," Msengi akasema, "na ningebaki kwangu, walinzi wangu wangewarudisha njiwa kwako. Wewe hukusema atakayeokoa kwa moyo safi. Ulisema atakayeokoa. Watu walisikia."

Na kweli watu walisikia, ndiyo tabu yake. Mnamchukia, hata mimi namchukia, lakini mjibuni.

Sasa pale uwanjani palikuwa na mjuaji mmoja akapaza sauti, mpe upepo. Msiniletee hiyo. Upepo haukamui. Mwingine akasema Nyamuna ajipe mwenyewe, kwa kuwa alipiga debe. Hapana, aliahidi kutoa. Na kugawana hawaruhusiwi, mtu mmoja, ndivyo alivyokubali.

Jua limebaki upana wa kiganja. Msengi amenyoosha mkono, anangoja, kwa sababu akitajwa yeye anamchukua mtamba, na asipotajwa mtu anamchukua vilevile. Na Nyamuna, kamba mkononi, anawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine, na hofu imemshika kuliko siku ile ya njiwa. Maana shamba ni lake sasa, ana misimu mbele yake, na njiwa watarudi. Watakaporudi atahitaji bunduki, atahitaji njiwa wa mti, atahitaji mtu wa kuwageuza wauelekee upepo. Akimpa mmoja kamba, wawili wataondoka na kinyongo, na watu wa Kinyamhungo kinyongo wanazikwa nacho.

Haya, nimesema yangu. Kamba iko kwenye mkono wa Nyamuna na mdomo wake uko wazi, nami nimemwacha hapo kwa sababu sijui jina litakalotoka. Mchagulieni ninyi, na haraka, jua halimngoji. Kati ya aliyepiga akakosa, aliyechonga akavuta balaa, aliyegeuza akaenda zake, na aliyekuja kucheka akaliwa shamba: je, nani alistahili mtamba?